Ukoko wa Wanandoa wa Taifa

Nchi hii ipo, ila ukiitafuta kwenye ramani utachosha macho bure, na ukiwauliza wenyewe watakuambia hiyo ni nchi ya jirani. Mimi naeleza nilivyoelezwa, kwa nia njema kabisa. Atakayemwona humu mtu anayemfahamu, alaumu macho yake.

Katika nchi hiyo watu hununa kwa utaratibu. Si kununa kwa kubamiza milango na kujibu "sina kitu" kama mfanyavyo ninyi. Mke akikosewa, huchukua mto wake wa kulalia, mto tu, akaenda nao kwao. Akichukua na nguo, hiyo ni talaka. Akichukua mto peke yake, amenuna, na mtaa mzima unaelewa. Huko kwao atakula, atalala, atasukwa nywele, mpaka mume aje kumfuata. Mama mwenye nyumba humpokea mfuataji mlangoni na kumuuliza, "Umemfuata nani hapa?" Jibu likiwa zuri, mto unarudi. Jibu likiwa la ovyo, mfuataji anakwenda zake kujipanga upya.

Na si wake tu. Kipa wa timu ya taifa aliwahi kununa katikati ya mechi, akachukua taulo lake akaenda kwao, na kocha akamfuata kwa pikipiki huku wageni wakifunga mabao mpaka wakaona haya. Hakuna aliyemlaumu kipa. Watu walimlaumu kocha kwa kuchelewa kumfuata.

Sasa nchi hiyo ilipitisha Sheria ya Ndoa kwa Wote, iliyomruhusu mwanamume kufunga ndoa na mwanamume mwenzake, na mwanamke na mwanamke mwenzake. Mjadala ulikuwa mkali. Wengi waliapa kwamba mbingu itaanguka. Idara ya Hali ya Hewa, ambayo haipendi kushtukizwa, ikaanza kutangaza kila asubuhi: "Mbingu ipo palepale, na mawingu kiasi upande wa kusini." Watu walitazama juu wee, shingo zikawauma, wakarudi kutazama mabomba yao, ambayo hayakuwa yakitoa maji.

Waliokataa kuchoka ni wanasiasa. Chama Songa, kilichoshika serikali, kilisema: tupeni kura, maana Chama Rudi wakiingia wataifuta sheria hii. Chama Rudi kilisema: tupeni kura, tuifute sheria hii. Mwananchi akinyoosha mkono mkutanoni akauliza habari ya maji, Songa walimwambia usawa kwanza, Rudi walimwambia maadili kwanza, na vijana wa pande zote mbili wakasaidiana kumkalisha chini. Sheria yenyewe ilikuwa na Kifungu cha Mapitio: baada ya miaka kadhaa Bunge lingekaa kupiga kura kuibakisha au kuitupa, na siku hiyo ikipita bila kura kupigwa, sheria ingekuwa ya kudumu. Siku hiyo ya Mapitio ilikuwa imekaribia, na kampeni zilikuwa zimepamba moto, pale Fikirini alipokula ukoko.

Fikirini Mtoro alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya magereza, mtu mrefu, mcheshi, asiyejua kusubiri. Mumewe, Mbaruku Kisinza, ndiye mwenye hadithi hii. Mbaruku alikuwa mwoka mikate, na kwa kuwa waoka mikate huamka wakati wengine wanageuka upande wa pili, siku ile sheria ilipoanza kazi yeye na Fikirini walikuwa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya ndoa. Hawakukusudia makubwa. Mbaruku alitaka tu wamalize mapema akakande unga. Lakini kwa kuwa wa kwanza, serikali ikawatangaza kuwa Wanandoa wa Taifa. Picha yao ikabandikwa kwenye stempu, mabango na kalenda za wizara, wameshikana mikono, wanatabasamu kuelekea jua linalochomoza. Chama Rudi nacho kiliitumia picha hiyohiyo kwenye mabango yake, ila kilipaka jua rangi nyeusi.

Sasa ukoko. Nyumbani kwao ilikuwa sheria, nzito kuliko zote za Bunge, kwamba ukoko ni wa aliyepika. Mbaruku aliupenda ukoko wa wali wa nazi kuliko anavyopenda sikukuu. Siku hiyo alipika yeye, akapakua, wakala, akaenda uani kunawa. Aliporudi alimkuta Fikirini amesimama jikoni, sufuria mkono mmoja, mwiko mkono wa pili, na punje ya wali imemkaa kwenye sharubu.

"Fikirini, umefanya nini?"

"Nilidhani umeshiba."

"Ukoko una kushiba?"

Angeomba radhi hapo, mambo yangeisha. Lakini mpiga tarumbeta hapendi kunyamaza. "Mbaruku, makelele yote haya kwa ukoko! Kwani kwenu hamkuwa na ukoko?"

Kumtajia mtu kwao! Mbaruku aliingia chumbani, akachukua mto wake, akatoka mlango wa mbele akiwa ameushika kifuani, ili majirani wauone vizuri.

Njiani alikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine alichokionea aibu kukitaja: alikuwa anafurahi. Hakuwa amewahi kununa rasmi. Dada zake wote walishanuna wakafuatwa. Hata Bi Kifaru wa kona, ambaye mumewe anaogopa kuku, alishafuatwa. Mbaruku alikuwa kwenye stempu, alikuwa kwenye kalenda, nchi nzima ilijua ameoana na Fikirini, lakini hakuna mtu aliyewahi kusimama mlangoni kwa mama yake akasema nimekuja kumfuata. Na katika nchi ile ndoa ambayo mtu hajafuatwa ni kama mkate ambao haujaingia tanuri. Sheria wamepewa. Kufuatwa je?

Mama yake, Bi Mwanamvua, alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvusha mto. Harusini kwa mwanawe alikwenda, alikula, alicheza hata ngoma, lakini miaka yote hiyo hakuwahi kumwita Fikirini mkwe. Alimwita "yule rafiki yako wa tarumbeta". Hakuwa na chuki naye. Alisema tu kwamba serikali imewaandika, sawa, yeye hakuulizwa.

Aliutazama mto. "Umenuna?"

"Nimenuna, mama."

"Na yule rafiki yako wa tarumbeta atakuja kukufuata?"

"Atakuja."

"Haya. Chumba chako kina magunia ya vitunguu. Yasogeze ulale."

Mbaruku akalala na vitunguu, akisubiri. Kesho yake hakuja mtu. Kesho kutwa vilevile. Kila akisikia hatua barabarani alikimbilia chumbani na kujitia hataki, kisha akachungulia pazia na kumwona muuza mkaa. Ndipo siku moja mchana redio ikasema: "Habari zilizotufikia zinaeleza kwamba Bwana Fikirini Mtoro, mmoja wa Wanandoa wa Taifa, amenuna na yuko kwao, nyumbani kwa dada yake, akiwa na mto wake."

"Nani amenuna?" Mbaruku aliruka. "Anune yeye? Ukoko ulikuwa wangu! Aliyenuna ni mimi!"

Ilivyokuwa ni hivi. Wakati Mbaruku anatoka mlango wa mbele na mto wake, Fikirini alikuwa anatoka mlango wa nyuma na wa kwake, amekasirika kwa kuitwa mwizi kwa macho ndani ya nyumba yake. Enzi za ndoa za zamani jambo hili halikuwezekana, maana mke ndiye aliyenuna na mume ndiye aliyefuata, na kila mtu alijua zamu yake. Wataalamu waliotunga Sheria ya Ndoa kwa Wote waliandika vifungu juu ya mirathi, bima na mpangilio wa meza siku ya harusi, lakini hakuna aliyekumbuka kuandika nani anune na nani afuate. Basi waume wawili, kila mmoja kwao, wamekumbatia mito, wanasubiri kufuatwa. Na nyumba yao imefungwa kwa kufuli pande zote mbili.

Wa kwanza kutishika ni Mheshimiwa Daktari Zamoyoni Kilumanga, Waziri wa Ndoa na Mambo Yanayoambatana Nazo. Mama huyu alikuwa na miwani mikubwa na hakuwahi kusema neno moja pale ambapo matatu yangetosha. Alifika kwa Bi Mwanamvua na msafara wa magari uliojaa mtaa, ikabidi mbuzi waelekezwe njia nyingine.

"Umemfuata nani hapa?" Bi Mwanamvua alimuuliza mlangoni, ungo mkononi.

Waziri alikohoa. "Mama yangu mpendwa, shikamoo. Nimekuja, kwa niaba ya Serikali, kwa unyenyekevu, heshima na taadhima, kuifuata, kuirejesha na kuisimika upya Alama ya Taifa, kwa kuzingatia ratiba ya Mapitio."

"Marahaba. Hapa hakuna alama. Hapa kuna mtoto na vitunguu."

"Ndiye huyohuyo, mama."

"Basi hujui ulichokifuata. Nenda ukajipange."

Mbaruku alikuwa nyuma ya pazia. Waziri aliomba walau azungumze naye kupitia dirishani, akaruhusiwa.

"Bwana Mbaruku, mwanangu," alinong'ona, miwani imegusa nondo. "Tumewaambia wananchi ninyi ni mfano wa mapenzi yasiyo na dosari. Kuna shairi darasa la tatu! Mkitengana kwa ajili ya ukoko, Mapitio tumeyapoteza, sheria inatupwa, na mimi nitapelekwa Wizara ya Maji. Unajua kule watu wanauliza maswali gani?"

"Basi mwambie Fikirini aje."

"Tumemwambia. Anasema uende wewe. Tunaweza kuunda Ujumbe wa Ufuataji, wenye wawakilishi wa pande zote..."

"Mheshimiwa, mimi sitaki ujumbe. Nataka Fikirini."

Aliposema hivyo machozi yalimlenga, akalaumu vitunguu.

Serikali ikishindwa jambo huunda tume, na ndivyo ilivyofanya. Tume ya Ukoko ilipewa jengo la ghorofa, maprofesa, na sufuria za mfano. Mwenyekiti wake alitangaza kwamba Serikali inautambua ukoko, inauthamini, na inaufuatilia kwa karibu. Chama Songa kikatoa msimamo kwamba ukoko ni wa wote na ugawanywe kwa usawa. Chama Rudi kikajibu kwamba tangu enzi za mababu ukoko ni wa mkuu wa kaya. Wanawake waliokuwa wanachama wa Chama Rudi waliposikia hivyo wakatazamana, na jioni hiyo mito mingi ilionekana barabarani.

Kwa maana jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba wananchi, waliokuwa wamechoka kabisa na habari ya ndoa ya jinsia moja, walikuwa hawajachoka hata kidogo na habari ya ukoko. Kila nyumba ilikuwa na kesi yake. Redio ilifungua simu.

"Naitwa Mama Pili," alisema mmoja, "nimeolewa na mwanamume, tena kanisani, kwa kinanda. Ukoko wangu unaliwa tangu siku ya kwanza. Mimi hiyo sheria yao nilikuwa siipendi, lakini huyo Mbaruku namwelewa mpaka mifupani. Mwambieni asirudi mpaka afuatwe!"

"Mimi ni babu wa watu," alisema mwingine. "Nasema huyo Fikirini ni kama mimi. Mtu anasimama tu jikoni, mwiko uko pale, ukoko uko pale. Si uchoyo, ni mkono unakwenda wenyewe. Aende akamwombe radhi mwenzake, na mimi leo nitamwomba mke wangu."

Mbaruku aliyasikia haya akiwa kitandani kati ya magunia. Watu wasiomjua, waliokuwa wakigeuza stempu yake upande wa gundi ili wasimwone, sasa walikuwa wanamtetea kwa habari ya sufuria. Ilimfariji kidogo. Lakini kitanda kilikuwa chembamba, na hakukuwa na mtu wa kumwambia upuuzi kabla ya kulala, na alitambua kwamba tarumbeta lile, ambalo kila asubuhi alilikemea, masikio yake yalikuwa yanalitafuta. Alimkumbuka Fikirini mpaka akamkasirikia upya kwa kukumbukika hivyo.

Siku moja adhuhuri, Bi Mwanamvua akiwa amekwenda sokoni, mtu aliingia kupitia jikoni akiwa amevaa miwani ya jua na kofia ya kike ya kwenda ufukweni. Alipoivua alikuwa Mheshimiwa Jabu Nang'ole, kiongozi wa Chama Rudi, mwanamume ambaye kwa muda wote wa siasa zake alikuwa ameapa kuivunja ndoa ya Mbaruku kwa mikono yake miwili.

"Umekuja kufurahi?" Mbaruku alimuuliza.

"Kufurahi?" Nang'ole alikaa juu ya gunia, akapangusa jasho. "Bwana Mbaruku, nakuomba kwa jina la uzalendo. Rudi kwa mumeo."

Mbaruku alidhani amesikia vibaya. "Wewe? Si ulisema ndoa yetu ni msiba wa taifa?"

"Nilisema na nitasema tena. Lakini fikiria. Mimi nimewaambia watu ninyi ni viumbe wa ajabu, mmetoka sijui wapi, mna mipango mizito. Nimejenga chama kizima juu ya hilo. Leo mnagombania ukoko! Watu wanasema, kumbe ni ndoa kama zetu. Jana mkutanoni nimenguruma, 'Je, mnawajua hawa ni akina nani?' Umati ukajibu, 'Ni mtu na mwenzake, mmoja kala ukoko!' Wakacheka. Wakanicheka mimi." Akaikunjakunja ile kofia ya ufukweni. "Kama ni ndoa kama zetu, mimi nitawatisha watu kwa lipi? Nikawaambie habari ya maji?"

"Kwa hiyo unataka turudiane ili utuvunje."

"Nisiwavunje kweli! Nikiwavunja kweli nitakula wapi? Niwe tu nawavunjavunja hivi, kila uchaguzi." Aliinama, akamshika mkono. "Na mke wangu naye amechukua mto. Anasema nimetangaza mambo ya mkuu wa kaya redioni, basi nikapikiwe na huyo mkuu wa kaya."

Mbaruku alimpa maji ya kunywa, kwani hata adui akija kwenu ni mgeni, na akamtoa kwa mlango wa jikoni kabla mama hajarudi.

Ikafika siku iliyotangulia siku ya Mapitio. Asubuhi hiyo Waziri Kilumanga alirudi kwa Bi Mwanamvua na msafara mkubwa zaidi, kamera, zulia, na mtu aliyeitwa Mfuataji Rasmi wa Serikali, aliyefanyiwa mazoezi wiki nzima namna ya kusema "nimekuja kumfuata" kwa uchungu. Nang'ole alipopata habari, akaja na watu wake na Mfuataji wake mwenyewe, mnene zaidi. Uwanja wa Bi Mwanamvua ukajaa. Waheshimiwa wawili wakaanza kugombana ni nani mwenye haki ya kumrudisha Mbaruku nyumbani, mmoja kwa jina la usawa, mwingine kwa jina la maadili, na majirani wakapanda juu ya mapaa ili wasipitwe.

Ndipo likasikika tarumbeta.

Lilikuwa linapigwa vibaya, na mtu anayetembea huku akihema. Umati ukagawanyika. Fikirini alikuja peke yake, kwa miguu, vumbi mpaka magotini, mto kwapani, tarumbeta mkono mmoja na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa mkono wa pili. Hakumtazama Waziri wala Nang'ole. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akaweka vitu vyake chini, akainamisha kichwa.

Nyuma ya pazia Mbaruku alikuwa tayari ameukumbatia mto wake. Utaratibu unataka anunaye akae chumbani mpaka aitwe, ajifanye hasikii, aitwe tena. Mbaruku alikuwa na mguu mmoja nje ya dirisha.

Bi Mwanamvua alimnyooshea mwanawe kidole bila kugeuka. "Rudisha huo mguu." Kisha akasimama katikati ya mlango na ungo wake. Waliokuwa juu ya mapaa waliinama kusikiliza. Hata kamera ziliinama.

"Umemfuata nani hapa?"

"Shikamoo mama. Nimemfuata mume wangu."

"Marahaba. Mbona na wewe una mto?"

"Nilinuna na mimi, mama. Nimenuna kwa dada Sikudhani mpaka nikaishiwa. Dada amenifukuza, anasema nyimbo zote ninazopiga ni za msiba. Lakini hata asingenifukuza ningekuja. Nyumba imefungwa, mama. Nimepita pale nikaona kufuli, nikalia mbele ya watu waliokuja kununua mikate na mikate hakuna." Alifungua kitambaa. "Nimempikia. Sijui kupika. Moto umenizidi, sufuria nzima imekuwa ukoko."

Bi Mwanamvua aliinama akatazama. Alikwangua kipande kwa ukucha, akakitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu. Mbaruku alikuwa amelikamata pazia mpaka linachanika. Mama angeweza kusema "nenda kajipange". Angeweza kusema, kama miaka yote, "rafiki yako wa tarumbeta amekuja." Angesema hivyo, Mbaruku angerudi nyumbani, ndiyo, lakini angerudi kama mtu aliyesindikizwa na rafiki.

"Umeungua," alisema Bi Mwanamvua. Kisha akaweka ungo chini. "Mbona umechelewa hivi, mkwe wangu? Mwenzio amenimalizia vitunguu."

Mbaruku hakungoja kuitwa. Alitokea dirishani na mto wake, akaangukia ndoo, akanyanyuka, akamkumbatia Fikirini mbele ya taifa zima, huku analia na kumwambia kwamba yeye ni mwizi na asirudie. Watu juu ya mapaa walipiga vigelegele, na wengi wao, kama niliambiwa ukweli, hawakuwa wapiga kura wa Chama Songa.

Waziri alichangamka, akavuta kipaza sauti. "Naam! Kama Serikali ilivyoahidi..."

"Hapana!" alidakia Nang'ole. "Hii ni hujuma, tena ni ushahidi wa yale tuliyoyasema..."

Bi Mwanamvua aliwageukia. Alikuwa na mkwe mpya na hana vitunguu, na uwanja wake ulikuwa umekanyagwa.

"Ninyi wawili," alisema, kwa ile sauti ya kuvusha mto. "Ugomvi wa sufuria mmeupeleka Bungeni. Mtoto wangu mmembandika ukutani, huyu kwa jua jeupe, huyu kwa jua jeusi, na bomba langu lina buibui. Nendeni kwenu! Mkanune huko. Tukiwahitaji, tutakuja kuwafuata."

Kicheko kilianzia kwenye paa la Bi Kifaru kikaenea mpaka barabara kuu. Waheshimiwa waliona wamekosewa, tena vibaya sana, mbele ya kamera. Na katika nchi ile mtu aliyekosewa anajua afanye nini. Waziri Kilumanga alikwenda Bungeni, akachukua mto wa kiti chake, akaenda kwao. Wabunge wa Chama Songa, kwa mshikamano, wakachukua yao. Nang'ole naye hakukubali kushindwa kununa. Chama Rudi chote kikabeba mito. Siku ya Mapitio ilipopambazuka, Bungeni alikuwepo karani peke yake na safu za viti vigumu. Alingoja mpaka jioni, akazima feni, akafunga mlango. Siku ikapita, kura haikupigwa, na sheria ikawa ya kudumu. Kesho yake Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba mbingu ipo palepale.

Mbaruku na Fikirini waliondolewa kwenye stempu, akawekwa samaki. Hakuna aliyewageukia tena barabarani isipokuwa aliyetaka mkate. Ukoko sasa wanagawana, ingawa Mbaruku hupima kwa jicho.

Asubuhi wakipeleka mikate, hupita mbele ya nyumba ya kina Kilumanga. Mheshimiwa hukaa barazani na mto wake mapajani, amevaa suti, anatazama barabara. Akisikia hatua huinuka, huvaa miwani, hujitia hataki. Upande wa pili wa mji, wanasema, Nang'ole naye hukaa vivyo hivyo, mkewe akiwa bado kwao na yeye kwao.

"Shikamoo Mheshimiwa," Mbaruku alimwamkia juzi.

"Marahaba! Umekuja kunifuata?"

"Hapana, Mheshimiwa. Napeleka mikate."

Alikaa tena polepole. Mbaruku alimwonea huruma ya kweli, maana anajua ilivyo kukaa ukitegea hatua za watu. Walipofika kona Fikirini alimshika bega.

"Masikini. Tumfuate?"

Mbaruku alisimama akafikiri. Kando ya barabara kulikuwa na bomba la mtaa. Akaweka kapu chini, akalifungua, akasubiri. Likakohoa, likatoa buibui.

"Bado," alisema, akachukua kapu lake.